Doa Lililogoma Kufutika

Shoga uko wapi?? Nimeumbuka!

Si unajua leo nilikuwa nampiga mkurugenzi wa kampuni moja ile picha kubwa ya kutundika ukutani? Nimebeba kamera yetu kubwa, kila picha inatoka na madoa mawili meusi usoni. MAWILI.

Nikachomoa kile kipande cha dijitali cha nyuma ya kamera, chenye sensa inayonasa picha, nikakizungusha, nikapiga tena. Doa moja likahamia kwenye tai! Nikajua hilo ni vumbi kwenye kioo cha sensa. Nikasafisha, likaondoka.

La pili liko palepale shavuni. Nikasafisha tena. Na tena. Mara nne, shoga! Macho yangu kwenye skrini tu. Dada wa mekapu ananikonyeza weee, mimi wala sielewi.

Nikaanza kulitukana kwa sauti: "We doa gani huna haya? Leo nakung'oa!"

Mzee wa watu katulia tuli, mikono magotini. Mwisho akainua kidole, akajigusa shavu.

"Mwanangu, hili nimezaliwa nalo."

NIMEZALIWA NALO.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama bado nataka kuling'oa.