Gamba la Buibui

Kambarage, Jumanne

Bado nacheka, Mungu anisamehe.

Leo shemeji alikuja na dumu la mafuta ya taa kumwaga kwenye shimo la buibui nyuma ya jiko. "Mama Kulwa, dude kubwa kama kiganja! Unafuga sumu?" Marehemu mume wangu alimlinda buibui huyo miaka kumi na moja. Kila jioni alichuchumaa pale akimsalimia kama jirani. Ningemwachaje achomwe?

Bahati nzuri, jana alijivua gamba. Limetoka zima, manyoya na miguu yote minane. Shemeji alipokwenda kunawa, nikaliweka kivulini kando ya shimo, nikapiga yowe: "Huyo! Huyo!"

Alilitwanga kwa kandambili mpaka likawa unga.

"Nimemmaliza, shemeji. Sasa utalala."

"Asante, shemeji. Bila wewe sijui ningefanyaje."

Akaondoka na dumu lake, kifua mbele. Uongo huo nitauungama, lakini si wiki hii.

Jioni buibui ametokeza miguu mlangoni kwake, mzima kabisa. Tumebaki wajane wawili hapa nyumbani. Ila yeye, kama Baba Kulwa alivyonieleza, mume wake alimla mwenyewe.