Walikuja Kuiona Ndiva

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno halafu nikasubiri kidogo, kama mjinga. Wewe marahaba yako ilikuwa ndefu, ya kuvuta, hata kwenye simu ukiwa unakimbilia darasani.

Huku juu ni ukungu na baridi tu. Bibi bado anapika chai ya tangawizi nyingi kana kwamba unakuja. Nimemaliza kidato cha sita na matokeo yametoka. Nimefaulu, Shangazi. Nilishika simu nikupigie.

Siku ya kukuzika Mchungaji alisoma wasifu wako. Shahada ya kwanza, ya pili, masomo ya ng'ambo, uhadhiri, hadi uprofesa wa uhandisi wa kompyuta. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikutafuta mle ndani, sikukuona.

Nilikuona baadaye. Wanafunzi wako walipanda kutoka Same na basi dogo, wa zamani na wa sasa, viatu vya mjini vimejaa matope. Walipomaliza makande, dada mmoja mrefu, ambaye sasa naye ni mhadhiri, aliniinamia: "Mdogo wangu, ndiva iko wapi?"

Nilishangaa. Mtu wa Dar es Salaam anaulizia ndiva yetu? Kumbe kila mwaka uliwachorea ubaoni bwawa letu la mawe na udongo, jinsi kijito kinavyolijaza usiku kucha, na asubuhi linafunguliwa maji yashuke mferejini kwa zamu. Hivyo ndivyo ulivyowafundisha bafa, pale kompyuta inapohifadhi data kwa muda kwa sababu upande mmoja unaleta polepole na mwingine unataka kwa mkupuo.

Ndipo nikakumbuka zile Krismasi ulizokuja na mitihani ya kusahihisha barazani. Mwanafunzi mmoja alichora ndiva yenye bomba la kuogea. Tulicheka mpaka Bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ulimpa alama zake. Ulisema, "Bomba tumsamehe. Hajafika kwetu."

Basi siku ile ya mazishi Baba akaniambia niwapeleke wageni ndivani. Unanijua. Shuleni nikiitwa mbele sauti ilikuwa inakauka kabisa. Tulipofika ukingoni wote wakanitazama, hapakuwa na mwingine wa kusema. Nikaanza. Nikawaambia kijito ni chembamba, ukikiachia kiende moja kwa moja, udongo unayanywa maji kabla hayajafika shamba la chini. Kwa hiyo unayakusanya kwanza. Nikawaonyesha tundu na kigogo kinacholiziba. Kaka mmoja akasema kwa sauti, "Jamani! Kumbe haina bomba!" Wote wakacheka huku wanalia. Sijui kama ndiye aliyelichora.

Yule dada akaniambia nimesema maneno yako yaleyale. Nikamuuliza ulikuwa unafundishaje. Nilitaka kujua hata ulivyosimama. Akasema ulikuwa unavua viatu nyuma ya meza, unatembea na soksi, na hufuti ubao mpaka mtu aulize swali.

Shangazi, wao walikuona ukifundisha na hawakuwahi kuiona ndiva. Mimi ndiva naiona kila siku. Lakini kukuona darasani, hata mara moja sikuwahi. Tulishapanga. Nilikuwa nije mwaka wa kwanza, nikae mstari wa mbele, wewe ujifanye hunijui.

Baada ya wewe kuondoka, Baba alisema, "Dar huko nani atamwangalia? Asome ualimu hapa karibu." Sikujibu. Zamani watu wakisema huyu mtoto haongei, wewe ulikuwa unawakata: "Mwacheni, anajaza kama ndiva." Safari hii hakuna aliyenisemea.

Juzi tuliteremka Same, mimi na Baba, kuomba chuo. Pale steshenari umeme ulikuwa umekatika na jenereta inanguruma mlangoni. Kijana wa kompyuta akauliza chaguo la kwanza. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, ameshika kofia. Nikasema polepole. Kijana akaweka mkono sikioni: "Dada, ongea! Hapa tunashindana na jenereta!"

Nikapiga kelele. "UHANDISI WA KOMPYUTA!" Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Haya, tumesikia hadi Hedaru."

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia benchi likilia, Baba anasimama. Akaja mpaka mezani, akamwambia yule kijana, "Si umemsikia? Andika."

Tulipofika nyumbani alipitia kaburini kwako, akang'oa majani. Nadhani na yeye anakutafuta.

Nikichaguliwa, nitaingia darasa lako na atasimama mtu mwingine. Naogopa ile dakika ya kwanza kuliko mtihani wowote. Lakini nakuahidi, nitakaa mstari wa mbele kama tulivyopanga, nitavua viatu chini ya meza, na kabla ubao haujafutwa nitanyoosha mkono niulize. Kwa sauti.

Pumzika, Shangazi. Kigogo nimekichomoa.

Mtoto wako,
Nakijwa