Kichupa Kilichotolewa Kwenye Barafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, barabara ya Horohoro
Alhamisi, tarehe 16 Machi 1995, saa tisa alasiri

Jina: Narmin Abbas Gulamhussein
Umri: miaka 37
Kazi: mtafiti, maabara ya malaria, Tanga
Makazi: Ngamiani
Dini: Mwislamu
Kabila: Mhindi (shahidi amesema yeye ni Mtanga)

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, ingawa ningependa zaidi kuwa njiani narudi Tanga. Nimemwomba Sajini Idarusi aandike kila ninachosema, hata kisichompendeza, naye amekubali.

Mnamo tarehe 15 Machi 1995 dereva wetu, Suleimani Shekhe, alikwenda Mombasa kupokea mzigo wangu uliofika kwa ndege kutoka ng'ambo. Mzigo wenyewe ni kichupa kimoja, hakizidi kidole changu cha mwisho, ndani ya sanduku jeupe jepesi lililojaa barafu, mfano wa yale ya kusafirishia samaki. Leo asubuhi alipita Horohoro. Watu wa forodha waliangalia karatasi, wakagonga mihuri, wakamtakia safari njema. Mbele kidogo akakuta kizuizi cha polisi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Saa tano na nusu nilipigiwa simu maabara kwamba gari limezuiwa na dereva yuko kituoni kwa kosa la kuingiza dawa mbovu. Sikumaliza hata kuuliza. Nilikwenda dukani kwetu Ngamiani, kaka yangu Kumail akaacha wateja wamesimama, tukapanda pikapu yake. Barabara mnaijua ilivyo. Tulifika saa nane.

Nilipoingia nilimwona Suleimani kwenye benchi, hana viatu wala mkanda. Alinyanyuka akasema, "Dada, niliwaambia wasifungue. Wallahi niliwaambia." Sanduku lilikuwa sakafuni, wazi. Kifuniko chake alikuwa nacho askari mmoja kijana, anajipepea. Kichupa kilikuwa mezani karibu na dirisha, jua linakipiga.

Nilimwamkia Sajini, "Shikamoo afande." Akaitikia, "Marahaba, binti," akanipa kiti. Nasema hili kwa haki: hakunitukana, wala hakuniomba kitu. Laiti angeniomba kitu. Mtu anayetaka kitu unajua mtamalizana vipi. Huyu anataka utaratibu.

Alinionyesha maandishi ya Kiingereza kwenye kichupa, yanayosema kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Akaniuliza, "Kama si kwa matumizi ya binadamu, Tanga unamletea nani?"

Nilimjibu kwamba vitu vya maabara huandikwa hivyo ili mtu asije akavichoma sindano. Akasema tangu biashara iwe huria ameona yakipita maziwa ya kopo yaliyokwisha muda, dawa za macho zilizooza na sabuni inayobabua watoto, na kila mara mwenye mali ana maelezo mazuri. Siwezi kumkatalia. Shangazi yangu Khatijabai aliyanunua maziwa hayo hayo. Halafu akaniuliza kama familia yetu ina duka. Nikasema tunalo. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaandika.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, nilikuwa nikimpelekea chakula mahabusu baba yangu, aliyekamatwa kwa ajili ya katoni za sabuni. Wakati ule kosa lilikuwa kuficha mali. Sasa kosa ni kuileta. Nimechoka, na hilo nalo nimeomba liandikwe.

Sajini aliniuliza kichupa kina nini. Nimeeleza mara tatu, naeleza tena. Ndani mna protini. Ukuta wa ndani wa mishipa yetu ya damu una protini zinazoshika chembe zinazopita, na hii ni mojawapo. Haikutolewa mwilini mwa mtu. Wataalamu walichukua yale maagizo ambayo mwili huyatumia kuitengeneza, wakayatia ndani ya chembe hai zinazokuzwa kwenye vyombo, nazo zikaitengeneza. Mtoto akipata malaria, chembe za damu zenye vimelea zinaweza kunaswa na protini hii kwenye mishipa ya ubongo. Damu haipiti, mtoto anazimia. Watoto wawili wa nyumba moja, homa ile ile, mmoja kesho yuko nje anacheza, mwingine haamki. Mimi natandaza protini hii kwenye kisahani, namimina damu ya mtoto, naangalia chembe zake zinanata au zinapita. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Sajini alifikiri, akasema, "Kwa hiyo ni gundi."

Nilisema si gundi.

"Lakini inanatisha."

"Haya afande, andika gundi," nikasema. Ameandika gundi. Nataka ifahamike kwamba nilisema kwa hasira.

Jambo ninalotaka lisomwe kuliko yote ni hili. Protini hiyo ikirudi kwenye barafu sasa, bado huenda ikafaa. Ikilala kwenye joto la mwezi huu hadi kesho, haitashika chembe yoyote, na hakuna atakayejua kwa kuitazama. Hatuna nyingine, na hii nimeingoja tangu kabla ya vuli. Kuna mama mmoja wa Makorora, Praxeda, aliniruhusu asubuhi moja nitoe damu ya mwanawe wodini, na jioni yake mtoto akafa. Damu hiyo ninayo, imegandishwa. Praxeda amekuja maabara mara mbili kuuliza, "Dokta, umeshaiona sababu?" Mara zote nimemwambia kinachokosekana kiko njiani. Sijui akija tena nitamtazama vipi usoni.

Nilimwomba Sajini arudishe kichupa kwenye barafu. Alisema, "Kielelezo ni kichupa, binti yangu. Barafu si kielelezo. Nikiviweka pamoja, mahakamani wataniuliza barafu imekwenda wapi." Nilimwambia basi aiandike na barafu. Akasema kitu kinachoyeyuka hakiandikwi, kwa sababu kielelezo lazima kifike mahakamani kama kilivyokamatwa. Nikamwambia hata kichupa hakitafika kama kilivyokamatwa. Akakigonga kwa kalamu, akasema kioo hakiyeyuki.

Nikaomba kiwekwe kwenye friji ya duka la Mama Mboni, lililo ng'ambo ya barabara. Mama Mboni mwenyewe alikuja hadi mlangoni akasema, "Kileteni jamani, n'taondoa soda za juu. Kidude chenyewe hicho kitanilia nafasi gani?" Sajini alimshukuru, akamwambia kielelezo hakilali nje ya kituo.

Kisha akaona natokwa jasho. Kwa wema wake akamtuma yule askari kijana aninunulie soda kwa Mama Mboni. Ililetwa baridi, chupa inachuruzika maji. Sikuinywa. Niliomba kuisogeza pale mezani, iguse kichupa changu. Sajini akaruhusu. Kumail akaenda kununua nyingine, tukaiweka upande wa pili. Ndivyo zilivyo hadi sasa ninapozungumza. Ya kwanza imeshapata joto na Kumail amesimama mlangoni akingoja aruhusiwe kuibadilisha.

Sajini ameniambia kichupa kitatiwa lakiri, kitafungiwa kabatini, na Jumatatu kitapelekwa Dar es Salaam kwa mkemia. Nimemuuliza mkemia atapima nini. Amesema atapima kama dawa ni nzima au mbovu. Nimecheka kwa sauti, na ninaomba radhi kwa kucheka.

Ninaishia hapa kwa sababu karatasi imekwisha na mshumaa wa kuyeyushia lakiri umeshawashwa, si kwa sababu nimemaliza. Nimesomewa niliyosema na ninayakubali yote, isipokuwa neno gundi.

Sahihi ya shahidi: N. A. Gulamhussein

Maandishi ya ofisa:

Mimi, Sajini Idarusi, nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoijua vizuri. Dereva Suleimani Shekhe ameachiwa kwa dhamana, ataripoti Jumatatu. Kielelezo Namba 1, kichupa cha kioo chenye kitu kinachosemekana kuwa gundi, kimefutwa maji, kimetiwa lakiri na kufungiwa kabatini saa kumi na moja jioni kikiwa salama. Chupa mbili za soda zimerudishwa dukani. Sanduku, kifuniko chake na barafu iliyobaki, kwa kuwa havihusiki na kesi hii, vimekabidhiwa kwa shahidi, naye ametia sahihi kuvipokea.