Kushoto Kwake

4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima? Kufua nguo za watu hakujakuvunja mgongo? Mimi Mungu ananisitiri, ila macho ndiyo yananiaga. Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaziba. Nimeomba sana, na katika maombi moyo umeng'ang'ania jambo moja tu: giza lisinifunge kabla sijamwona tena marehemu mwanangu.

Unayo ile picha aliyopigwa akicheka mlangoni pa gereji, jino lake lililomeguka likionekana. Nataka ichapishwe kubwa kama mlango, maana vidogo sivioni tena. Itume kwenye simu ya fundi wa picha, namba iko nyuma ya karatasi hii. Ila jikate pichani, mwanangu, abaki yeye peke yake, uso upate nafasi. Usinielewe vibaya. Mungu hakukujalia kunizalia mjukuu wa kumtazama, basi niachie sura.

Nakuombea kila siku.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima, mgongo upo. Pole kwa macho. Picha nimetuma, nimejikata kama ulivyoagiza. Vidole vyangu viwili vimebaki begani kwake. Nisingeweza kuvitoa bila kukata bega.

Mkweo

10 Machi

Mkwe wangu,

Mungu akupe afya, na mikono isikupasuke kwa sabuni. Mimi sijui nianzie wapi. Fundi alikuza picha, ikatoka vigae vitupu kama sakafu ya bafu. Nikasogeza pua hadi ikagusa karatasi: mtoto hayupo.

"Mama," akaniambia, "picha ni vinukta. Mkweo amekata, vimebaki vichache, na simu nayo imeibana njiani. Ukivivuta vichache hivyo, kila kimoja kinakuwa kigae."

Akaitia kwenye programu inayojibunia vinukta vilivyokosekana. Ikatoka sura angavu, nzuri, meno yamejipanga kama ya mtangazaji!

"Huyu nani?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu mimi nilimkimbiza hospitali kipande cha jino nimekifunga kwenye leso. Wewe unaniletea bwana harusi wa watu?"

Akakiri programu haimjui, inakisia tu. Vidole vyako ilivigeuza mikunjo ya shati. Hapo sikulalamika.

Tuma nzima, isiyokatwa, na uitume kama faili isibanwe. Fundi atakukata mwenyewe, ana mkono mwepesi. Fanya haraka. Tundu sasa ni la sindano.

Mama yako

2 Juni

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo. Sitasingizia kazi, nimechelewa kwa kusudi.

Nzima ninayo. Ni kubwa kweli. Ukiivuta unaona ndevu moja moja, unaona jino lilivyomeguka, hata grisi kwenye kucha zake. Mimi huivuta kila nikikosa usingizi.

Siku ya maziko uliniambia gari limejaa. Nikachungulia. Kiti cha mbele kilikaliwa na mkoba wako. Nikamfuata mume wangu kwa miguu, nikala vumbi lenu.

Nitaituma ukiapa kwa huyo Mungu wako kwamba itachapishwa nzima na kutundikwa nzima. Mimi nimesimama kushoto kwake, mkono begani. Hutaki, baki na yule mwenye meno.

Mke wa mwanao

20 Juni

Mkwe wangu,

Salamu. Umenishika pabaya. Naapa mbele za Mungu: nzima. Tuma upesi, nakusihi. Leo nimemimina chai yote nje ya kikombe.

Mama mkwe wako

8 Septemba

Shikamoo mama. Kiapo nilikipata tangu Juni. Nilitaka nawe uonje kungoja. Picha imetumwa leo, nzima, kama faili.

Mkweo

1 Oktoba

Mkwe wangu,

Salamu, na Mungu akulinde. Anayeandika ni jirani yangu, mimi nasema tu, maana macho yalifunga picha ikiwa bado haijafika.

Ni ndefu kunishinda. Fundi amenitundikia chumbani, anaapa jino linaonekana. Nimeipapasa juu hadi chini: karatasi, baridi, haina hata pua. Nililia. Kisha nikaomba, moyo ukatulia. Niliapa, ndiyo, lakini Mungu anajua kiapo cha kukamuliwa si kiapo. Uliandika mwenyewe kwamba uko kushoto. Basi, nikiwa peke yangu, nikashika mkasi, nikatafuta katikati kwa kiganja, nikakata. Upande wa kushoto nikautia kwenye jiko, ukawaka vizuri.

Sasa tuko wawili tu chumbani, mama na mwanawe. Asubuhi namsalimu, usiku nambusu, siri zangu zote nampa yeye. Sina kinyongo nawe.

Mama mkwe wako

Dada, haya ya chini ni yangu mimi jirani, yeye hajayasema. Nimeingia chumbani mwake. Kushoto kwa marehemu ni kulia kwa anayeikabili picha. Aliyeungua ni mwanawe. Aliyebaki ukutani ni wewe, umenyoosha mkono, kiganja kimekatwa. Nimwambie?

15 Oktoba

Dada unayesoma, mstari huu usiutoe kwa sauti: usimwambie.

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima, hata mgongo umeacha kuuma. Nimefurahi sana kwamba mmebaki wawili. Endelea kumsimulia siri zako, na usiku ukimuaga mpapase shavu. Endelea kumbusu, mama. Miaka yote niliyokaa kwenye nyumba yenu nilingoja siku utakayombusu huyo.

Mwanao