Chupa Moja kwa Dada Mektrida

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo darasa la sita, somo la damu. Nilikuwa moto! Chembechembe nyekundu zinabeba oksijeni, nyeupe zinapigana na vijidudu, chembe sahani zinagandisha damu penye jeraha, na utegili, ule umajimaji wa njano, unazisafirisha zote. Watoto wakapiga makofi. Nami nikajipigia kidogo, moyoni.

Jioni simu ya shemeji Primus, kutoka Machame. Mke wake, dada yangu Mektrida, anatoka damu mwezi wa tatu sasa – alituficha! Uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji Jumatatu ijayo, mjini Moshi. Hospitali inataka ndugu wawili watoe damu. Nikadakia: mimi wa kwanza! Mimi kundi O, nampa yeyote.

Nani aliniambia mimi ni O? Sikumbuki. Nadhani nilijiambia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Sikwenda kutoa damu. Nimesema nina mitihani ya kusahihisha. Ilishasahihishwa.

Naandika hapa tu, maana ikijulikana nitahama Marangu: naogopa sindano. Miaka kumi na tisa nafundisha damu, na nikijikata na wembe nafumba macho.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda hospitali! Primus alishafika, na gambuti zake za shambani. Akanieleza jinsi juisi ya bitiruti inavyogeuka damu tumboni. Nikamsahihisha. Kwa kirefu. Sista akasema hongera Mwalimu, haya kaa.

Akanitoboa kidole. Wingi wa damu upo. Kundi – AB! Yaani mtu wa kupokea kwa wote na kutoa kwa AB wenzake tu. Dada ni B. Nikainuka haraka mno, nikasema kwa huzuni kubwa, basi, haziendani. Sista akacheka: yako inaingia benki, dada anapewa ya kundi lake. Kaa, Mwalimu.

Nikakaa. Nikaiona sindano. Yaliyofuata nimesimuliwa: nilianguka kama mgomba uliokatwa. Nilizinduka miguu yangu ikiwa mapajani kwa Primus, ananipepea kwa fomu yangu. Wamenikatalia. Yeye akatoa yake huku akimweleza sista habari za kahawa.

Jumapili, 9 Machi

Wodini. Dada midomo imepauka, akijiinua kitandani anahema. Chembechembe nyekundu zimepungua, oksijeni haifiki. Najua, huwa naichora ubaoni. Sikujua iko hivi.

"Mdogo wangu, umekula?" Yeye ndiye ananiuliza mimi! Kisha: "Primus kaniambia mmetoa wote wawili. Asante."

Nikamtazama Primus. Anamimina mtori wa ndizi kwenye kikombe.

Nikajibu, si kitu, dada.

Si kitu!

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano asubuhi. Dada yuko chumba cha upasuaji tangu saa tatu. Sista ametoka mbio: damu inatoka nyingi, wanamwongezea, ndugu gani hajatoa? Primus akaangalia sakafu. Bora angeniangalia mimi.

Nikasema mimi.

Sista yuleyule! "Mwalimu? Si ulituangukia wewe?"

"Nilaze kabisa, sista. Nikilala sina pa kuangukia."

Nimelala. Naandika ili nisiitazame. Amefunga mpira mkono wa kushoto. Anapapasa. Anapapasa tena. Anasema mshipa umejificha – hata mshipa! Sasa anautaka mkono wa kulia, huu wenye kal