Viatu vya Mposaji

Mdogo wangu Athumani,

Salamu kwako na kwa wote hapo Moa. Nimekwenda Kariakoo kumposea mwanao binti wa Feruzi, aliyekuwa mtumwa wa baba yetu. Nilimkuta Feruzi barazani, viatu miguuni. Nikiwa bado barabarani, akaniambia, "Vua viatu, Mwinyi."

Unakumbuka, zamani yeye ndiye aliyekatazwa kuvaa viatu mbele yetu.

"Wakati wa vita," akacheka, "baba yenu alikuwa wa Mjerumani asubuhi, wa Mwingereza jioni. Aliyepanda mnazi kubadilisha bendera ni mimi. Leo wewe u upande gani?"

Nikavua. "Upande wako, mkwe."

Amekubali! Njoo harusini, ila usugue nyayo vizuri, zitatazamwa.

Mungu akulinde.

Kaka yako