Nazi za Bibi Mwamvua kwenye ndege

We Semeni, bibi katoboa siri leo, mbele ya wakwe!

Mwaka 57 babu Idarusi alipata uaskari wa wanyamapori kwenye hifadhi ya msituni, huko ndani kabisa. Yeye na bibi wakapelekwa kwa kidege cha watu wanne.

Rubani akataka kumpima bibi uzito. Bibi akagoma: "Mimi si gunia!"

Kumbe chini ya buibui kafunga nazi kumi na mbili. Nazi!

Wakaruka. Ndege ikalemewa, miti ikawakaribia. Rubani akapiga kelele: "Mama, tupa mzigo!"

Bibi akatupa sanduku la nguo la babu. La BABU, Semeni.

Babu akauliza, "Na nazi je?"

"Huko msituni utaungiwa mchuzi na nini?"

Mwezi mzima babu alilinda tembo kwa shati moja. Bibi anasema chakula hakukilalamikia.